Mjadala: Muuzaji wa mtandaoni alazimishwe kuandika bei, au "bei njoo inboksi" ni haki yake?

Mkazi wa Segerea
Wakuu, hili limenikaa kooni wiki nzima.

Nilikuwa natafuta jiko la gesi la pleti mbili, lile la kioo. Nimepitia kurasa kumi na moja za Instagram na tisa hazina bei. Zote ni "bei njoo inboksi". Ukiuliza kwenye komenti unaambiwa "tumekujibu inboksi mpendwa". Naingia inboksi, swali la kwanza: "Uko wapi?" Nikasema Segerea. Bei 95,000. Mdogo wangu wa kike akauliza ukurasa uleule, siku ileile, akasema yuko Mbezi Beach. Picha ileile ya jiko, akatajiwa 120,000.

Jumamosi nikapanda mwendokasi, nikashuka Msimbazi, nikaingia mitaa ya ndani ya Kariakoo. Jiko hilohilo 78,000, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikapewa bila kuiomba.

Hoja yangu: iwekwe kanuni kwamba anayetangaza bidhaa mtandaoni aandike bei yake. Supamaketi bei iko kwenye rafu, anaiona tajiri na anaiona dada wa kazi. Kwa nini kwenye simu bei itegemee unakaa mtaa gani? Halafu wengi wa hawa hawana hata duka, ni mawinga tu wanaopiga picha mali za watu na kupachika cha juu.

Kiranja Temeke
Naunga mkono. Ukiona bei imefichwa, ujue unapimwa wewe.

Fundi Simu Magomeni
Niwaeleze inavyokwenda, maana nimesimamia kurasa za maduka mawili kwa miaka mitatu.

Posti ikiwa na bei, mtu anaiona, anaamua kimoyomoyo, anapita. Isipokuwa na bei, watu mia mbili wanaandika "bei?" Instagram ikiona komenti zinamiminika inaichukulia kuwa posti yenye maana, inaisukuma kwa watu wengine ambao hata hawakufuati. Kwa hiyo lile swali lako la "bei?" ni tangazo la bure, umemfanyia kazi muuzaji. Ndiyo maana hata mwenye bei nzuri kabisa anaificha. Mkitunga kanuni bila kuligusa hilo, watu wataandika "bei kuanzia 10,000" chini ya kila kitu, na mtarudi palepale.

Mama Vyombo Kongo
"Mawinga tu." Kaka wa Segerea, nimesoma posti yako yote na hilo "tu" ndilo lililonichoma.

Oktoba 2021, machinga tulipoondolewa barabarani, nilikuwa na meza yangu mtaa wa Kongo, mwaka wa tisa. Nikapangiwa sehemu ambayo mteja hapiti. Nimekaa wiki tatu, nimeuza mabeseni mawili na chujio la chai. Binti yangu ndiye aliyeniambia, mama, piga picha. Tangu siku hiyo simu ndiyo meza yangu.

Saa kumi na mbili asubuhi niko Kariakoo. Najua jiko lipi kioo chake kinapasuka mwezi wa pili na lipi linavumilia. Najua ghala gani ukirudisha kitu kibovu wanabadilisha, na lipi watakufukuza. Mteja wangu wa Chanika akija mwenyewe anapanda magari mawili kuja na mawili kurudi, jiko liko mapajani, konda anamdai nauli ya mzigo, siku nzima imekwisha na biashara yake amefunga. Mimi nampelekea hukohuko kwao. Hicho unachokiita cha juu ni jasho langu, nimesomeshea watoto wawili.

Kijana wa Tandika
Mama, shikamoo, na pole kwa yaliyokukuta 2021. Lakini jasho lina bei yake, litajwe. Fundi anakwambia kifaa elfu ishirini, ufundi elfu kumi, unakubali au unakataa. Winga anaunganisha vyote viwili ili usijue unamlipa nani kiasi gani.

Mwaka jana nilimpeleka mama yangu mzazi Kariakoo kununua vitenge vya msiba, doti kumi na nne. Kijana katupokea kabla hatujavuka barabara, mpole, kambebea mama mkoba. Duka la kwanza mwenye duka katutazama sisi, kamtazama yule kijana, ndipo akataja bei. Tuliporudi wenyewe Jumatatu kuongeza doti mbili, duka lilelile, bei ilikuwa chini kwa elfu nne kila doti. Piga hesabu mara kumi na nne. Hela za rambirambi hizo.

Jembe la Buguruni
Mlionekana wageni, ndiyo maana. Kariakoo ukitembea unashangaa ghorofa lazima upigwe.

Kijana wa Tandika
Mgeni nani? Nimezaliwa Tandika, mama yangu kazaliwa Tandika, babu alifika mjini hapa kabla ya Uhuru. Mtu amefiwa, yuko na kanga begani, unataka atembeeje?

Jembe la Buguruni
Sijamtukana mama yako, ndugu. Nimesema mlionekana.

Kijana wa Tandika
Na ndiyo hoja nzima! Kwamba bei inategemea unavyoonekana! Yaani mzaliwa wa Dar akiwa na majonzi anageuka mgeni, na mtu wa Sumbawanga aliyeshuka jana basi ndiye halali kupigwa?

Binti Lindi
Samahani, sisi tuliokuja kutoka mikoani tumewakosea nini? Nimekaa Dar miaka kumi na miwili na bado nikifungua mdomo Kariakoo lafudhi inanipandishia bei. Ndiyo maana mimi NAPENDA kununua kwa simu. Kwenye maandishi hakuna anayejua nimetoka wapi. Mnataka kuua sehemu pekee ambayo sipimwi kwa sura wala kwa kauli.

Mkazi wa Segerea
Dada, unapimwa kwa swali la "uko wapi". Mfano wa mdogo wangu nimeuweka hapo juu.

Binti Lindi
Anauliza niko wapi ili ajue nauli ya boda. Si kila swali ni mtego.

Mzee Hoja
Wanangu, tuweke sheria mezani. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ndiyo iliyoizaa FCC, yaani Tume ya Ushindani, na inakataza kumpotosha mlaji. Tuna pia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ambayo ina sehemu nzima ya kumlinda mlaji anayenunua kwa njia hizi. Swali ni dogo: kunyamaza kuhusu bei ni kupotosha? Mimi naona kunyamaza siyo kupotosha. Kutaja bei mbili kwa watu wawili kwa kigezo cha mtaa, bila gharama yoyote ya ziada, hapo ndipo pa kusimamia. Kanuni ilenge hapo.

Kiranja Temeke
FCC si ndio wale wa kukamata bidhaa bandia? Waanze na chaja. Nimeunguza chaja tatu tangu Ramadhani.

Fundi Simu Magomeni
Chaja ya elfu tatu unategemea nini, mkuu? Ndani hakuna kitu, ni waya na ganda. Ishike mkononi, ikiwa nyepesi kama kiberiti iache hapohapo.

Kiranja Temeke
Niliuziwa elfu kumi na tano nikaambiwa orijino.

Dereva Boda Ubungo
Mimi ndiye ninayepeleka hiyo mizigo, nisikilizeni kidogo.

Tatizo kubwa siyo bei. Muuzaji anasema lipa kwanza, mnunuzi anasema nilipie mlangoni, katikati niko mimi. Mwezi uliopita nimepeleka pazia Goba, nimefika, dada anasema rangi siyo ile ya kwenye picha, hachukui. Nimerudi nalo. Muuzaji anasema hanilipi kwa sababu mzigo haujapokelewa. Mafuta yangu kutoka Kariakoo hadi Goba na kurudi, mvua imeninyea Makongo, nimeambulia patupu. Bei ingekuwa imeandikwa au haijaandikwa, mimi ningekuwa vilevile.

Binti Lindi
Pole sana kaka. Lakini na sisi tukilipa kwanza tunalizwa. Mtu ana laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, ana jina kamili linatokea ukituma hela, na bado anakufungia namba. Ule usajili tulisumbuliwa foleni ya vitambulisho vya NIDA wa nini?

Jembe la Buguruni
Usajili ulikuwa 2019 ule. Haujasaidia kitu.

Fundi Simu Magomeni
Laini ambazo hazijasajiliwa kwa vidole zilianza kuzimwa Januari 2020. Na umesaidia, ila watu hawaufuatilii. Piga *106# uone namba ngapi ziko kwenye kitambulisho chako. Kuna mzee nilimsaidia kuipiga, zikatoka namba mbili ambazo hajawahi kuzishika. Hizo ndizo zinazotuma "ile hela tuma kwenye namba hii".

Kiranja Temeke
Mimi nimepokea leo asubuhi. "Ile hela ya kodi itume kwenye namba hii." Na kweli nadaiwa kodi. Nilibakiza kidogo nitume.

Mwalimu Gongolamboto
Hizo meseji zinapata watu kwa sababu mwezi ukikaribia kuisha nusu ya jiji inadaiwa kodi. Hawakujui wewe, wanajua kalenda. Mimi nina sheria moja: hela haitoki mpaka nipige simu kwa namba ninayoijua na nisikie sauti.

Turudi kwenye bei jamani.

Mama Vyombo Kongo
Narudi. Nimewasoma wote, na yule kijana aliyesimulia vitenge vya msiba nimeona haya kwa niaba ya wenzangu. Kumzidishia mfiwa ni dhambi.

Lakini nawaulizeni, nikiandika bei, nani ataisoma wa kwanza? Siyo nyinyi. Ni wauzaji wenzangu. Niliwahi kuandika bei ya hotipoti seti ya matatu, kufika jioni kurasa nne zimeweka picha niliyopiga mimi, mkono wangu unaonekana na pete yangu, bei imepungua elfu mbili. Wateja wakaenda huko. Wengine wakaletewa seti ya mfuniko wa plastiki, wakarudi kwangu kulalamika kwa sababu mkono waliuona ni wangu. Kanuni yenu itanilinda na hilo?

Mkazi wa Segerea
Hapo mama sina jibu la haraka. Neno "tu" nalirudisha, nisamehe. Nilikuwa na hasira ya 120,000.

Lakini nakuomba jambo moja. Wewe binafsi unaweza kututajia hapa hesabu yako ya jiko lile la pleti mbili? Siyo ya wengine, yako.

Jembe la Buguruni
Usitaje mama, watakusumbua.

Mama Vyombo Kongo
Nataja, sina cha kuficha. Nikichukua moja napewa 76,000, nikichukua matano kwa pamoja 73,000. Namuuzia mteja 85,000, awe Masaki au Mbagala. Katika hiyo kuna bando, kuna kulijaribu jiko mbele ya mwenye duka kwa mtungi wao, kuna karatasi na kamba. Likifika limepasuka hasara ni yangu, na mwaka huu yamepasuka mawili. Boda mteja anamlipa mwenyewe, mkononi, akipokea au akikataa. Hilo nalianza leo kwa ajili ya yule kijana wa boda aliyerudi na pazia kutoka Goba.

Dereva Boda Ubungo
Mungu akubariki mama. Naomba namba yako, nichukue mizigo yako ya upande wa Kimara.

Kijana wa Tandika
Elfu tisa mpaka kumi na mbili kwa kazi yote hiyo? Hiyo mimi nalipa, mama. Iandike hivyohivyo ulivyoiandika hapa.

Mzee Hoja
Swali langu la bei mbili kwa mitaa miwili bado halijajibiwa na mtu.

Binti Lindi
Mama Vyombo, boda mpaka Chanika inafika shilingi ngapi? Nina dada yangu kule, anapikia mkaa na ana mtoto wa miezi mitano.

Mama Vyombo Kongo
Chanika ni mbali, mwanangu, nauli ya boda peke yake itamuumiza dada yako. Namtuma kijana apande daladala nalo asubuhi, saa nne liko kituoni. Mwambie dada aje na kanga ya kulibebea, lile boksi ni refu.