Mrejesho: chelo yangu imeacha kukwaruza

Wapendwa, miezi mitatu iliyopita niliuliza kwa nini kwenye chelo, ile ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, uzi wa C, ule mnene kuliko wote, unakwaruza kila nikiupiga, na kwa nini kidole gumba cha kushoto kinaniuma baada ya dakika 10 tu. Mlinijibu kwa moyo, nami nimerudi na majibu.

Kidole gumba kilitulia mapema. Nilipiga skeli, yaani noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio, bila kukigusisha kabisa kwenye shingo ya chelo, ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nakaba bure. Uzito wa mkono unatosha kushusha uzi.

Upinde ndio ulionitoa jasho. Nilikuwa naukandamiza kwa kidole cha shahada huku nikiukimbiza. Sasa naacha uzito ushuke kutoka begani, navuta polepole, karibu kidogo na kidaraja (kile kibao kinachoinua nyuzi), noti moja kwa mapigo 8. Wiki mbili za kwanza sikusikia tofauti yoyote, nikakaribia kukata tamaa. Kisha jioni moja C ikaitika, nzito na safi, nikaihisi mpaka kifuani. Nilifurahi mno.

Bado upinde unakwenda mshazari ninapokaribia nchani. Aliyenishauri nipige mbele ya kioo, asante sana. Kinanionyesha kila mara.