Kilomita 240,000, nianze na nini?

Wakuu, gari langu dogo, injini ya cc 1000, gia za mkono. Halichemshi, halili oili, na sina mpango wa kuliuza. Ila sina rekodi ya lini ulibadilishwa mkanda wa taimingi (ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio). Nianzie wapi?

— Mkanda, kabla ya safari yoyote! Ukikatika, kwenye injini nyingi pistoni hugonga valvu, unaishia kufungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu. Badilisha na tensheni (roda inayokaza mkanda) na pampu ya maji papo hapo, maana kazi ya kufungua ni ileile.

— Hakikisha kwanza injini yako haitumii cheni badala ya mkanda. Na oili ya breki je? Hunyonya unyevu, wengi huibadilisha kila miaka 2.

— Ni mkanda, nimeona nyufa. Naliegesha mpaka fundi aje. Asanteni sana.