Kalenda ya anga ya mwaka 2026 kwa Lamu: tuandike nini na tufute nini?

Mwalimu wa Langoni (Lamu)

Assalaam aleikum, ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu, na kila Januari huwabandikia wanafunzi ukutani kalenda ya matukio ya anga ya mwaka mzima. Mwaka jana niliipakua kalenda moja kutoka kwenye intaneti, ya rangi na picha nzuri, nikaichapisha kama ilivyo bila kuihakiki. Tukio lake la kwanza lilikuwa mvua ya vimondo ya Januari 3. Niliwaamsha wanangu usiku wa manane, tukapanda darini na mikeka, tukakaa hadi adhana ya alfajiri, na katika muda huo wote tukaona vimondo viwili. Ndipo nilipotambua kwamba aliyeitengeneza alikuwa akilitazama anga la Ulaya.

Hata hivyo, kalenda hiyo hiyo ndiyo iliyotuambia juu ya kupatwa kwa mwezi kwa Septemba 7, 2025. Usiku ule sitausahau. Saa moja na nusu mwezi ulikuwa umeshapanda upande wa Manda, na ukingo wake ukaanza kuliwa. Ilipofika saa mbili na nusu ulikuwa umefunikwa wote, umegeuka rangi ya shaba iliyokaa sana bila kusuguliwa, na nyota ambazo mwanga wake ulikuwa umezificha zikajitokeza moja moja. Msikitini kwetu ikaswaliwa swala ya kupatwa. Kwa kuwa giza kamili lilidumu dakika 82, hata waliochelewa walipata kuona. Jumatatu yake darasani hakukuwa na mtoto asiye na swali.

Mwaka huu nataka kalenda iliyoandikwa kwa ajili ya watoto hawa, wanaoishi nyuzi mbili na kitu kusini mwa ikweta, na yenye saa zetu. Nimeona orodha za 2026 zikitaja kupatwa kwa mwezi Machi 3 na Agosti 28, na kupatwa kwa jua Februari 17 na Agosti 12. Je, ni lipi kati ya hayo litakaloonekana Lamu? Na yapo mambo gani yanayotuhusu sisi ambayo orodha hizo haziyataji kabisa?

Darubini ya Malindi

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Umeuliza jambo ambalo nimelishughulikia miaka mingi, na nitalijibu kwa urefu kidogo.

Anza kwa kufuta. Kupatwa kwa jua kwa Februari 17 ni kwa Antaktika, ambako jua litabaki kama pete. Kupatwa kwa Agosti 12 ni kukubwa, jua litafunikwa lote katika Greenland, Iceland na Hispania, lakini wakati huo kwetu itakuwa inakaribia saa tatu usiku, nasi jua letu limeshatua zamani. Kupatwa kwa mwezi kwa Machi 3 kutafikia kilele saa nane na nusu mchana wetu, mwezi ukiwa chini ya upeo, na utakapochomoza jioni utakuwa umeshatoka kivulini. Futa pia vile vimondo vya Januari, kwa sababu chimbuko lake, yaani mahali angani vinapoonekana kutokea, liko mbali sana kaskazini na kwetu huchomoza kumekaribia kucha.

Linalobaki ni Agosti 28, na hili liandike kwa wino mwekundu. Mwezi utaanza kuingia katika kivuli cha dunia saa 11:33 alfajiri, na kwa Lamu utazama kiasi cha saa 12 na robo, karibu na jua kuchomoza. Hatutaona kilele, ambapo zaidi ya sehemu tisa kwa kumi zitakuwa zimefunikwa, lakini tutauona mwezi ukishuka upande wa bara huku karibu nusu yake imeliwa. Wanaotoka msikitini baada ya swala ya alfajiri watakuwa na nafasi ya kutosha. Itakuwa katikati ya Mfunguo Sita, mwezi wa Kiislamu unaohesabiwa kwa mwandamo, na haiwezi kuwa vinginevyo, kwani mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu, kama vile jua halipatwi ila mwezi unapoandama. Wafundishe watoto hilo, kwani litawawezesha kuzihakiki habari za kupatwa zinazosambazwa kwenye simu.

Kuhusu sayari, Mshtarii ndiyo ya kwanza, na huhitaji kusubiri: Januari 10 inakabiliana na jua, kwa hiyo inachomoza jua linapotua na kukaa angani usiku kucha. Kwa darubini ndogo ya mkononi, ukiegemeza viwiko juu ya ukuta ili isitetemeke, utaona miezi yake minne kama punje za sukari zilizopangwa mstari mmoja. Kisha Zuhura, ambayo itakuwa nyota ya magharibi tangu takriban Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba. Jioni ya Juni 9 Zuhura na Mshtarii zitakaribiana hadi zitenganishwe na nafasi kama ya miezi mitatu mipevu iliyopangwa sambamba. Hilo halihitaji kifaa chochote, linahitaji tu mtu atazame magharibi baada ya swala. Zohali itakabiliana na jua Oktoba 4. Pete zake bado zitaonekana nyembamba, kwa kuwa Machi 2025 zilikuwa zimetuelekea kwa ubavu na sasa zinaanza tu kufunguka.

Katika vimondo, mwaka huu una bahati kubwa. Agosti 12 mwezi unaandama, kwa hiyo usiku wa kuamkia Agosti 13 utakuwa na giza la kutosha kwa vimondo vya Perseidi. Kwetu chimbuko lake halipandi juu sana, basi tazameni kaskazini kuanzia saa tisa usiku. Lakini vilivyo bora kwa pwani yetu ni vya Desemba, vya kundinyota la Mapacha, ambalo wanafalaki wetu huliita Jauza. Usiku wa Desemba 13 mwezi mchanga utazama mapema, na kufikia saa nane usiku Mapacha watakuwa juu sana. Penye giza kweli mtu huhesabu makumi ya vimondo kwa saa moja. Vingi vya vimondo hutokana na vumbi la nyotamkia, ila hivi hutoka katika jiwe liitwalo Phaethon, jambo ambalo wataalamu bado wanalichunguza. Vimondo vya mwanzoni mwa Mei, ambavyo ni vumbi la nyotamkia ya Halley, kwa kawaida hutupendelea sisi watu wa ikweta kuliko watu wa Ulaya, lakini mwaka huu mwezi utakuwa mkubwa na mvua za masika ziko njiani. Viandike kwa penseli.

Naomba pia uongeze Desemba 12. Siku hiyo mwaka 1970 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini kule Ngomeni kaskazini mwa Malindi, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa siku ya sherehe ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Ndiyo iliyosaidia kulitambulisha shimo jeusi la Cygnus X-1. Mtoto wa pwani anastahili kujua kwamba jina hilo la Kiswahili limo katika historia ya elimu ya nyota, na kwamba mahali palichaguliwa kwa sababu ya ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi.

Nahodha wa Matondoni

Mwalimu, amani kwako, na kwa ndugu wa Malindi. Nimesoma yote kwa furaha, lakini kalenda ikiwa na sayari na vimondo peke yake bila nyota za safari itakuwa na pengo. Mimi nimezeeka baharini na nyota nilizifundishwa na babangu kabla sijajua kusoma.

Andika Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana. Mwanzoni mwa Mei kinatua pamoja na jua na hukioni tena. Katika Juni kinazuka upande wa matlai, yaani mashariki, kabla ya kucha. Wazee walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Jina lenyewe linatokana na kulima, kwa hiyo ilikuwa kalenda ya mkulima kabla ya kuwa ya baharia. Waambie watoto wahesabu nyota zake bila darubini; mwenye macho mazuri hupata sita au saba, na ubishani wa kuhesabu ndio utakaowafanya wakitazame.

Andika nyota ya Suheli, ambayo katika Februari, upepo wa kaskazi ukivuma, inakuwa juu upande wa kusini baada ya isha. Kwa mng'ao, kati ya nyota zote za usiku, inashindwa na ile iitwayo Shira peke yake. Na andika jambo hili ambalo mgeni hawezi kulikisia: Nyota ya Kaskazini haionekani Lamu. Iko chini ya upeo wetu. Majahazi yaliyorudi Arabuni kwa upepo wa kusi yalikuwa yakiipata njiani, baada ya kupita Kismayu na kuvuka ikweta, na kadiri yalivyoendelea ndivyo ilivyopanda, hata nahodha akaweza kujua umbali aliokwenda kwa kuipima kwa vidole juu ya maji. Kwa upande mwingine, mwezi wa Mei mapema usiku sisi huuona Msalaba wa Kusini nyuma yetu na Dubu Mkubwa mbele yetu kwa wakati mmoja, vyote viwili karibu kimo kimoja. Ulaya hawana anga hilo.

Usisahau bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, na karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, yaani Machi 20 na Septemba 23, bamvua huwa kubwa kupita kiasi. Mwezi mwandamo wa Machi 19 unaangukia papo hapo, na mpevu wa Septemba 26 vilevile. Siku mbili tatu kuanzia hapo maji yatapwa kiasi cha saa nne hadi tano asubuhi na mwamba utatoka mbali; wanaotafuta pweza wanalijua hilo bila kalenda, ila mtoto akiona tarehe imeandikwa ukutani na kisha akaona maji yamefanya hivyo hivyo, ataiamini kalenda nzima.

Bint Mkomani

Shikamoo Nahodha, na salamu kwako Mwalimu. Mna siku moja mmeisahau, nayo ni ya mchana, kwa hiyo inafaa shule kuliko zote: siku ya jua la utosini.

Kwa Lamu jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, Machi 14 na 15, na tena Septemba 28 na 29. Kwa Malindi, kwa kuwa wako kusini zaidi, ni kiasi cha Machi 12 na Oktoba 1. Septemba iliyopita nilining'iniza timazi ya marehemu babu yangu, aliyekuwa fundi wa nyumba, katika kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba yetu. Saa tano kivuli cha uzi kilikuwa kirefu kwenye sakafu ya chokaa. Kikaendelea kujikunja, na ilipofika saa sita na dakika saba kikawa kimeingia chini ya uzito wa timazi wenyewe, pasibaki ila duara jeusi lenye upana wa sarafu. Nikaenda kuchungulia kisimani, na jua lilikuwa limefika chini kabisa, linameta juu ya maji ambayo siku nyingine zote ni meusi. Machi itakuwa saa sita na dakika 25, kwa sababu mchana wa jua haufuati saa ya ukutani sawasawa mwaka mzima.

Na kuhusu Agosti 28, tafadhali wataarifu watu mapema mahali pa kusimama. Mji wetu umetazama matlai, na mwezi utakuwa unazama nyuma yetu. Gatini hawataona kitu. Mwenye dari ndefu apande, na asiye nayo aende Shela juu ya vilima vya mchanga.

Mwalimu wa Langoni (Lamu)

Nimepata zaidi ya nilichoomba, nawashukuru nyote. Nimeanza kuichora upya, na Machi itakuwa na mambo mengi kuliko nilivyodhani: jua la utosini, kisha mwandamo, kisha bamvua. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, mwandamo wa Machi ndio wa kumalizia Ramadhani. Je, niandike kwamba hilali itaonekana jioni ya Machi 19? La pili, mwanafunzi mmoja aliuliza kama ataona jua likipatwa kabla hajamaliza shule ya msingi. Yuko darasa la tano.

Darubini ya Malindi

Kwa swali la kwanza, andika ulicho na uhakika nacho: mwezi na jua zitakutana alfajiri ya Machi 19 saa 10:23, kwa hiyo jua litakapotua Lamu hilali itakuwa na umri wa saa 14 tu. Kwa macho matupu huo ni umri mchanga mno. Kutangaza kuandama ni kazi ya Kadhi na waliouona, wala kalenda ya ukutani isiwatangulie.

Kwa swali la pili, mwambie ndiyo. Agosti 2, 2027, mchana, jua litafunikwa lote katika njia itakayopita kusini mwa Hispania, Luxor kule Misri ambako giza litazidi dakika sita, Makka, na ncha ya kaskazini mashariki ya Somalia. Kwetu pwani litafunikwa sehemu tu, kwa hiyo hakuna dakika hata moja itakayokuwa salama kulitazama bila miwani maalumu; picha za eksirei, miwani ya kawaida na beseni la maji havilindi macho. Tafuteni miwani hiyo mwaka huu, kabla watu hawajaigombania.

Watakaoikosa wasimame chini ya banda la makuti. Novemba 3, 2013, jua lilipopatwa jioni, nilikuwa nimekaa barazani hapa Malindi, na mwanga uliopenya katika matundu ya makuti ulianguka kwenye ukuta mweupe. Kila tundu lilikuwa limechora jua lake dogo lililomegwa upande mmoja, mamia kwa mamia, na watoto wa jirani wakawa wanayafunika kwa viganja na kuyaona yakihamia juu ya mikono yao.