Naomba ushauri: inveta ya chaja ya pande mbili imetulia kwenye kompyuta, lakini maabara inapiga mluzi

KoiliYaTatu (mleta uzi)

Habari za wakati huu, wakuu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika elektroniki za nguvu. Tasnifu yangu inahusu udhibiti wa chaja ya gari la umeme inayofanya kazi pande mbili, yaani inayochaji betri kutoka kwenye gridi na, inapohitajika, kuurudisha umeme wa betri kwenye gridi hiyohiyo. Nimejenga inveta (kifaa kinachogeuza umeme mnyoofu wa betri kuwa umeme geu wa gridi na kinyume chake) ya fezi tatu ya kilowati 10, kwa volti 400 na hezi 50, yenye transista za silikoni kabaidi. Kichujio chake kina koili ya milihenri 2 upande wa inveta, kapasita ya mikrofaradi 10 na koili ya milihenri 1 upande wa gridi. Transista zinawaka na kuzima mara 10,000 kwa sekunde, na kidhibiti kinachukua sampuli moja kwa kila mzunguko. Ninachodhibiti ni mkondo wa upande wa gridi, wala sijaweka chochote cha kufifisha mitetemo.

Kwenye uigaji mambo yametulia kabisa, na hata maabara inveta hutulia ninapoiunganisha moja kwa moja na chanzo cha umeme. Shida inaanza ninapoweka koili nyingine ya milihenri 2 katikati ili kuiga laini ndefu. Kabla hata sijafika robo ya nguvu, koili zinapiga mluzi mkali, wimbi la mkondo linachafuka, na ulinzi unaikata mashine.

Nimesoma kwamba gridi dhaifu, yaani ambayo volteji yake hutikisika kirahisi, huvuruga kile kitanzi kinachofuata fezi ya gridi (sehemu ya kidhibiti inayokwenda sambamba na wimbi la volteji ya gridi), kwa hiyo nina mawazo mawili: niache udhibiti wa kufuata gridi nihamie ule wa kuunda gridi, ambapo inveta hujitengenezea volteji na masafa yake yenyewe, au nitumie mtandao wa neva bandia ujifunze kutuliza mkondo. Nimebakiwa na miezi saba, na msimamizi wangu ameniachia uamuzi. Mngekuwa nyinyi mngeshika njia ipi?

MawimbiSafi

Mluzi huo una masafa gani? Neno "mkali" halitoshi. Tega osiloskopu kwenye mkondo, hesabu muda kati ya kilele na kilele, kisha urudi hapa. Nauliza kwa sababu kitanzi cha kufuata fezi kikigombana na gridi hugombana polepole, kwa makumi machache ya hezi, na unachosikia ni mngurumo unaopanda na kushuka. Mluzi ni habari nyingine.

FundiWaVitanzi

Ndugu mleta uzi, kabla hujaiita gridi yako dhaifu, ipime kwa hesabu ya dakika moja. Kwa volti 400 na kilowati 10, impidansi ya msingi (ukinzani wa kulinganishia kwenye umeme geu) ni 400 mara 400 gawanya kwa 10,000, yaani omu 16. Koili yako ya milihenri 2 kwenye hezi 50 ina omu 0.63 tu. Ukigawanya omu 16 kwa 0.63 unapata zaidi ya 25, ilhali gridi huanza kuitwa dhaifu uwiano huo unaposhuka chini ya 3. Kwa chaja moja ya ukubwa wako, gridi hiyo ina nguvu za kutosha, na kitanzi cha kufuata fezi unakisingizia.

Mshukiwa wangu ni kichujio. Kwa thamani ulizotaja, rezonansi yake (masafa ambayo koili na kapasita hutetema zenyewe kwa nguvu) iko kwenye hezi 1,949. Ukiongeza milihenri 2 upande wa gridi, inashuka hadi hezi 1,453. Sasa angalia kidhibiti chako: kompyuta ya kidijitali husoma, hukokotoa, kisha hutoa amri katika mzunguko unaofuata, na kwa jumla huchelewa kipindi kimoja na nusu cha sampuli, ambacho kwako ni mikrosekunde 150. Kuchelewa huko ni robo kamili ya wimbi la hezi 1,667, ambayo ni moja ya sita ya masafa yako ya sampuli, na mpaka uko hapo. Anayedhibiti mkondo wa upande wa gridi bila ufifishaji hutulia rezonansi ikiwa juu ya mpaka, kwa sababu kuchelewa kwenyewe kunamsaidia, na huyumba ikishuka chini yake. Bila koili ya ziada ulikuwa juu kwa bahati, koili ilikuvusha. Ninaamini pia kwamba katika uigaji wako gridi ni chanzo kisicho na impidansi yoyote, na ndiyo maana kompyuta haikukuonya.

KoiliYaTatu

Nimerudi kutoka maabara. Kati ya kilele na kilele kuna mikrosekunde 690 hivi, ambayo ni kama hezi 1,450. Nakiri pia kwamba gridi ya uigaji wangu ni chanzo tupu. Nilipoiwekea milihenri 2, mkondo uliyumba kwenye kompyuta vilevile. Nimekaa wiki tatu nikirekebisha vigezo vya kitanzi cha fezi ambacho hakikuwa na kosa. Sasa je, nishushe masafa ya mpaka, au nipandishe rezonansi?

FundiWaVitanzi

Pandisha mpaka, kwa kuchukua sampuli mbili kwa kila mzunguko, moja kwenye kilele cha wimbi la pembetatu linalopanga kuwaka na kuzima kwa transista, na nyingine kwenye bonde lake. Masafa ya sampuli yatakuwa 20,000 na mpaka utafika hezi 3,333. Nakuonya mapema: ukifanya hivyo tu bila nyongeza, inveta itapiga mluzi hata bila ile koili ya ziada. Usishtuke wala usirudishe programu ya zamani, maana sasa rezonansi iko chini ya mpaka wakati wote, na huko ufifishaji kwa kurejesha mkondo wa kapasita (kuupima na kuuingiza kwenye hesabu ya kidhibiti) hufanya kazi inavyotakiwa. Huna haja ya sensa mpya ikiwa tayari unapima mkondo wa upande wa inveta kwa ajili ya ulinzi, kwa kuwa tofauti ya mikondo hiyo miwili ndiyo mkondo wa kapasita.

Ukitaka jibu la leo jioni, weka rezista ya omu 2.7 mfululizo na kila kapasita, karibu theluthi ya impidansi ya kapasita kwenye rezonansi. Itatuliza, ila utalipa kwa joto.

NgaoYaGridi

Naheshimu hesabu, lakini naona tunamfungia mwenzetu kwenye tatizo dogo. Huko mbele magari yatakuwa mengi na mitambo mizito inayozunguka itapungua kwenye gridi, hivyo udhibiti wa kuunda gridi ndio utakaohitajika. Mwacheni ahamie huko.

FundiWaVitanzi

Sipingi kwamba utahitajika. Ninachopinga ni kuutumia kama dawa ya mluzi wa hezi 1,450. Inveta inayounda gridi nayo ina kichujio kilekile, kapasita ileile na kompyuta inayochelewa vilevile.

MawimbiSafi

Na mtandao wa neva nao utaendeshwa ndani ya kompyuta hiyohiyo, ukichelewa hivyohivyo au zaidi. Kibaya zaidi, ungeufundisha kwa data ya uigaji ambao gridi yake haikuwa na koili, kisha mtahini akikuuliza kwa nini umetulia ungebaki kumwonyesha picha.

Hata hivyo NgaoYaGridi kagusa jambo ambalo naliona ndilo tasnifu yenyewe. Kosa hili limeshaandikwa sana, na kulirekebisha peke yake hakukupi shahada. Fikiria badala yake chaja kumi zinazofanana kwenye laini moja. Zote zikisukuma mkondo kwa pamoja, kila moja huiona koili ya laini kana kwamba imezidishwa mara kumi, hivyo milihenri 2 inakuwa milihenri 20. Ule uwiano wa 25 unashuka hadi 2.5, na hapo gridi imekuwa dhaifu kweli, na kitanzi cha fezi unachokilaumu leo kitakuwa na hatia. Rezonansi nayo inashuka hadi karibu hezi 1,178, ila haiwezi kwenda chini ya 1,125, kwa sababu hapo koili ya upande wa inveta na kapasita zinabaki peke yake. Hilo ni jambo la faraja: mipaka ya tatizo la masafa ya juu inajulikana kabla hujaanza.

Magari hufika na kuondoka, kwa hiyo gridi ambayo chaja yako inaiona hubadilika bila laini kuguswa. Uliza hivi: kidhibiti kimoja, chenye vigezo visivyobadilishwa, kinaweza kubaki imara kuanzia chaja ya kwanza hadi ya ngapi, na kinachokiangusha kwanza ni kichujio au ni kitanzi cha fezi? Huna haja ya kujenga inveta kumi. Moja yako na koili tofauti zinatosha kuiga idadi, almradi uandike waziwazi kwamba umechukulia chaja zote zinafanana.

KoiliYaTatu

Nimebadilisha sampuli kuwa mbili kwa mzunguko, na kweli ilipiga mluzi bila koili ya ziada. Nusura niirudishe programu ya zamani. Nilipowasha urejeshaji wa mkondo wa kapasita, ilinyamaza, na imekwenda hadi kilowati 8 ikiwa na koili na bila koili. Kilowati 10 sijafika kwa sababu vibaridishi vinapata joto. Msimamizi amelikubali swali la idadi ya chaja. Koili nilizonazo maabara zinanifikisha milihenri 12, yaani chaja sita. Je, kuanzia ya saba nitumie kigezaji cha wakati halisi (kompyuta inayoiga gridi papo hapo), au niazime koili?

MawimbiSafi

Azima koili kama zinapatikana, lakini hakikisha viini vyake vya sumaku havishibi (havifiki mwisho wa uwezo wao wa kubeba usumaku) kwenye mkondo wako kamili, kwa sababu koili iliyoshiba hupoteza milihenri zake, na utadhani una chaja kumi kumbe una nne. Nawe mkondo wako kamili una kilele cha ampea 20 hivi, kwa hiyo pima milihenri kwenye ampea hizo, usiamini kibandiko.