“Take Five”: kwa nini kila mmoja wetu anasikia kitu tofauti?

Msikilizaji wa Usiku

Wasikilizaji wenzangu, salaam. Nina jambo linalonitatiza kwa wiki kadhaa sasa, nami naomba wenye ujuzi wa muziki wa jazi, pamoja na wale ambao hawajawahi kushika ala yoyote ila wanapenda kusikiliza, wanisaidie kulielewa.

Kibao ninachokizungumzia ni “Take Five” cha kundi la watu wanne la Dave Brubeck, kilichorekodiwa New York mwaka 1959 na kutoka katika albamu ya Time Out. Jina lake ni msemo wa Kimarekani wa kumwambia mtu apumzike kwa dakika tano, lakini mimi nikikisikiliza sipumziki hata kidogo. Nakipenda sana, tena nakirudia kila usiku, ila mwili wangu unakataa kutulia ndani yake. Nikijaribu kukifuata kwa makofi, mizunguko miwili ya kwanza inakwenda vizuri, kisha ghafla mikono yangu iko upande mmoja na piano iko upande mwingine, nami sijui ni wapi tulipoachana.

Nikaamua kuwasikilizisha watu watatu wa nyumbani bila kuwaambia lolote. Mama alifumba macho akasema ni muziki wa kumbembeleza mtoto alale. Mdogo wangu, aliyekuwa akisoma, aliinua kichwa pale dramu zinapobaki karibu peke yake akauliza kama rekodi imeharibika. Shemeji yangu alisikiliza hadi mwisho kwa ukimya, kisha akasema kuwa mpulizaji wa saksafoni ana huzuni ambayo hataki kuisema. Ni kibao kile kile, chumba kile kile, na spika zile zile.

Swali langu ni hili: tofauti hii inatoka ndani ya muziki wenyewe au ndani yetu sisi wasikilizaji? Na je, ni lazima nijifunze kuhesabu ndipo nikifaidi ipasavyo?

Vijiti Viwili

Ndugu Msikilizaji wa Usiku, nimepiga dramu kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaanza na hayo makofi yako, kwa sababu hapo ndipo fundo lilipo.

Sehemu kubwa ya nyimbo tulizozizoea zinakwenda kwa mapigo manne katika kila mzunguko, na nyingine kwa matatu. Kibao hiki kinakwenda kwa matano. Mikono yako imezoea kupata pigo zito baada ya kila mapigo mawili au manne, hivyo pigo la tano linapofika, mikono inalihesabu kuwa ni la kwanza la mzunguko mpya, na kuanzia hapo umekwisha kupotea. Usijilaumu kwa hilo. Wanamuziki hao wenyewe, walipoingia studio mara ya kwanza kukirekodi mwezi Juni 1959, walijaribu mara nyingi bila kufanikiwa, ikabidi wakiache na kukirudia tarehe 1 Julai. Wakati huo mapigo matano yalikuwa nadra sana katika jazi, hata kwa mabingwa kama hao.

Sasa nikupe njia ninayowafundishia vijana wanaokuja kwangu kujifunza. Usihesabu namba. Tamka neno “tutaonana” polepole, ulirudie bila kupumzika kati ya moja na jingine: tutaonana, tutaonana, tutaonana. Lina silabi tano, na kwa desturi ya Kiswahili mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yaani ya nne. Ongeza uzito kidogo kwenye “tu” ya mwanzo, nawe umepata muundo wenyewe wa kibao hiki, ambao ni matatu kisha mawili: TU-ta-o, NA-na. Sikiliza besi ya Eugene Wright, utaona noti zake nzito zinaangukia hapo hapo, kwenye pigo la kwanza na la nne. Piano nayo inarudia umbo hilo hilo tangu inapoingia, bila kuyumba. Lugha yetu imejaa maneno ya silabi tano yenye mkazo wa namna hii, kwa hiyo ulimi wako ulikwisha kuyajua mapigo matano tangu utotoni, ila hakuna aliyekuambia.

Kuhusu mdogo wako na rekodi iliyoharibika, ningependa nimtetee Joe Morello, mpiga dramu wa kundi hilo, kwa sababu sehemu ile ya dramu ndiyo iliyozaa kibao kizima. Morello alikuwa akichezea mdundo wa mapigo matano nyuma ya jukwaa, na Paul Desmond, mpulizaji wa saksafoni, akatunga vipande vya sauti vya kuupandia mdundo huo ili mpiga dramu apate mahali pa kujieleza. Kwa maneno mengine, saksafoni ndiyo mlango na dramu ndizo nyumba. Na tazama anavyoitumia nafasi hiyo ya zaidi ya dakika mbili. Mpiga dramu mwingine angejaza kila upenyo kwa kishindo. Yeye anapiga pigo moja zito la mguu, ananyamaza, anajibu kwa ngoma ya juu, ananyamaza tena kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia, na chini ya ukimya huo piano inaendelea na kazi yake ile ile. Mtu asiyejua hudhani kuna kitu kimekatika. Mimi kila nikifika hapo natulia kabisa, nisije nikaupita ukimya hata mmoja.

Santuri Kuukuu

Wanangu, salamu kwenu. Naomba niongeze jambo moja linalohusu historia, kwa kuwa linaweza kumfariji huyo mdogo wa muulizaji. Kibao hiki kilipotolewa kwenye santuri ndogo kwa ajili ya redio, kilifupishwa sana, na sehemu kubwa ya dramu iliondolewa. Toleo hilo fupi ndilo lililopata umaarufu mwaka 1961, miaka miwili baada ya kurekodiwa, likapanda hadi nafasi ya 25 katika orodha ya nyimbo zinazopendwa Marekani, jambo lisilo la kawaida kwa jazi isiyoimbwa. Maelfu ya watu walikipenda kibao hiki kabla ya kuisikia sehemu ya Morello, na walipoinunua albamu na kuisikia kwa mara ya kwanza, nao walishangaa kama alivyoshangaa yeye.

Jambo la pili ni dogo, ila hukosewa mara kwa mara. Watu husimulia kwamba mdundo wa “Take Five” uliletwa kutoka Uturuki. Ni kweli kwamba kundi hilo lilitumwa na serikali ya Marekani katika ziara ndefu mwaka 1958, na ni kweli kwamba Brubeck aliwasikia wanamuziki wa mitaani huko Istanbul wakipiga mdundo wa mapigo tisa. Lakini mdundo ule aliutumia katika kibao cha kwanza cha albamu hiyo hiyo. Mapigo matano yalitoka kwa Morello, kama alivyokwisha kueleza ndugu Vijiti Viwili.

Kumi za Kushoto

Nawasalimu wote kwa heshima. Mimi napiga piano, na naona ni haki nitoe maoni yanayopingana na ya wengi hapa, kwa sababu muulizaji aliomba hisia za kweli.

Kibao hiki kinanichosha. Nasema hivyo nikiwa nimekisikiliza kwa makini mara nyingi. Brubeck alikuwa mpiga piano mwenye mikono mizito na fikra nyingi, ambaye katika rekodi nyingine huibomoa na kuijenga upya akodi moja, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, mpaka ukashangaa. Humu ndani hapati nafasi hata moja ya kupiga peke yake. Anarudia akodi mbili tangu mwanzo, zinabadilika kwa muda mfupi tu katika ile sehemu ya kati ya wimbo, kisha anazirudia tena mpaka mwisho. Desmond anapojipulizia maneno yake, zipo zile akodi mbili. Morello anapopiga, zipo zile zile. Nikisikiliza, jicho langu la ndani linaiona mikono ya Brubeck imekaa pale pale dakika tano nzima, na mimi najisikia nimefungwa pamoja naye. Sikatai uzuri wa wimbo wenyewe, wala simlaumu anayeupenda. Nasema tu kwamba anayesikiliza kwa masikio ya piano anapewa chakula kidogo mno.

Alto na Subira

Ndugu Kumi za Kushoto, nimekusoma mara mbili na nimekuelewa, na nadhani umetusaidia kumjibu muulizaji kuliko unavyodhani. Wewe unasikiliza piano, ukakuta kurudia. Ndugu Vijiti Viwili anasikiliza dramu, akakuta uhuru. Lakini uhuru ule unatokana na kurudia kule. Jaribu kuiondoa piano akilini mwako wakati Morello anaponyamaza, uone kama ukimya wake utabaki na maana yoyote. Kwa kuwa mikono ya Brubeck haihami, mwenzake anaweza kwenda mbali anakotaka na bado msikilizaji akajua nyumbani ni wapi. Mtu mwenye uwezo wake kukubali kazi hiyo ya kushikilia, tena katika albamu iliyobeba jina lake, kwangu ni jambo kubwa, na ndilo ninaloliheshimu zaidi katika kibao chote.

Mimi napuliza saksafoni ya alto, kwa hiyo nimsemee shemeji. Huzuni aliyoisikia ipo, nayo ina sababu zake. Ya kwanza ni ngazi ya muziki wenyewe, ambayo ni E-flati ndogo, ngazi inayomlazimu mpiga piano kutumia zaidi vibonye vyeusi na yenye rangi nzito hata kabla ya kuweka wimbo juu yake. Ya pili ni pumzi ya Desmond. Wapulizaji wengi wa alto wa zama zake walikuwa wakifuata njia ya sauti kali, yenye makali na kasi. Yeye alipuliza kwa sauti nyembamba, safi, isiyo na mtetemo mwingi, na mwenyewe aliwahi kusema kwamba alitaka isikike kama kinywaji kikavu cha martini. Sikiliza mwanzo wa wimbo: sauti inapanda, inafika juu, halafu inateremka kidogo kidogo kwa vipande vifupi vinavyofanana, kama mtu anayetaka kusema jambo akalirudisha moyoni. Hapandishi sauti hata mara moja ili umwonee huruma. Shemeji amesikia sawasawa kabisa.

Na mama naye hakukosea. Mdundo wa matatu na mawili unabembea. Upande mmoja ni mrefu, wa pili ni mfupi, kama mtu anayembeba mtoto mgongoni akitembea taratibu. Mama alisikiliza mwendo, shemeji akasikiliza pumzi, mdogo wako akasikiliza ukimya. Ndiyo maana naona tofauti imo ndani ya muziki wenyewe, kwa kuwa wanamuziki hawa wanne wamepangwa kwa namna inayomwachia kila msikilizaji mlango wake.

Jambo jingine ninalolikumbuka kila nikikipuliza ni kwamba Desmond alipofariki mwaka 1977 aliacha wosia kwamba mapato yake ya haki za utunzi, yakiwemo ya kibao hiki, yaende kwa Msalaba Mwekundu wa Marekani.

Msikilizaji wa Usiku

Nawashukuru nyote, na Mzee Santuri Kuukuu, shikamoo. Nimerudi baada ya siku nne ili niwaeleze kilichotokea.

Usiku wa kwanza nilifuata ushauri wa “tutaonana”. Nilikaa sakafuni, mkono wa kulia ukigusa paja kwenye “tu”, na wa kushoto kwenye “na” yenye mkazo. Mwanzoni dramu ziko peke yake, nami nikababaika. Piano ikaingia, neno likaanza kushika. Besi ilipoingia, mikono yangu ikawa inaanguka pamoja nayo bila mimi kuisukuma. Saksafoni ilipoanza nilikuwa bado nimo. Nilipotea mara moja tu, katika sehemu ya kati pale akodi zinapobadilika, kwa sababu niliacha kutamka ili nisikilize.

Usiku wa pili, kwa sababu ya maneno ya Alto na Subira kuhusu piano, nilimfuata Brubeck peke yake, kuanzia anapoingia hadi mwisho. Ndugu Kumi za Kushoto, nimekiona unachokisema, na kwa dakika mbili za kwanza nilikubaliana nawe. Kisha ikafika sehemu ya Morello. Nilikuwa nimezishikilia zile akodi mbili akilini kwa nguvu, na ule ukimya wa kwanza mrefu ulipokuja sikuuona tena kuwa ni pengo. Nilisikia piano ikisema neno langu, mara moja, mara mbili, mara tatu, na pigo zito la mguu likaangukia mahali ambapo nisingelitarajia, lakini palikuwa pake.

Jana nimemwita mdogo wangu, nikamfundisha lile neno, nikamwekea tangu mwanzo. Dramu zilipobaki, hakuuliza kitu. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza kimyakimya, na saksafoni iliporudi na wimbo wake akanishika mkono akaniambia nianze tena.