Naomba ushauri: Narekodije gitaa la stili nyumbani mpaka mlio wake halisi usikike?

NyuziSita (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa.

Nina gitaa la stili la nyuzi sita, lile la kulaza mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Naliita la stili kwa sababu nikisema gitaa la chuma wengi wanafikiria gitaa la kawaida lenye nyuzi za chuma. Nimelityuni C6: kuanzia uzi mnene ni C, E, G, A, C, E. Lina pikapu moja (kile kinasa mtetemo wa nyuzi na kuugeuza umeme), nalichomeka kwenye amplifaya ndogo yenye spika ya inchi 10.

Kuna bendi inafikiria kuingiza chombo hiki kwenye nyimbo zao. Kiongozi wao hajawahi kukaa nacho chumba kimoja, kwa hiyo ameniomba nimtumie kipande cha dakika mbili asikie mlio wake. Nimesharekodi mara nne na zote nimefuta. Chumbani mlio ni mnene, noti inaning'inia kisha inazama taratibu. Nikisikiliza nilichorekodi, siutambui.

Mara mbili nilitumia simu niliyoiweka mezani. Noti zilikuwa zinapanda na kushuka zenyewe, kama kuna mtu anachezea kitasa cha volyumu. Mara mbili nilichomeka gitaa moja kwa moja kwenye saundi kadi (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta): mlio ukatoka mwembamba, mkali, na nyuma yake kuna mvumo usiokatika.

Wimbo niliochagua ni wa haraka, una miteremko mingi ya chuma, maana nilitaka asikie kila kitu ninachoweza kufanya.

Nitumie maiki au nichomeke moja kwa moja? Niweke riverbu, yaani mwangwi? Na wimbo wenyewe, je, unafaa? Nalipenda sana gitaa hili na sitaki likataliwe kwa kosa la kurekodi.

---

FundiWaChumbani

Mkuu, simu yako ni nzima. Simu nyingi zimetengenezwa kunasa maneno ya mtu: ukipiga noti kwa nguvu inabana sauti, noti ikianza kufifia inaipandisha isipotee. Kwa mazungumzo ni msaada. Kwa gitaa la stili ni balaa, kwa sababu uzuri wake uko kwenye mkia wa noti, na mkia huo ndio simu inaouchezea. Baadhi ya programu za kurekodi zina mahali pa kuzima marekebisho hayo. Ukipapata, hata simu itakupa kitu cha kusikilizika.

Kuhusu kuchomeka moja kwa moja, hapo umeiruka spika, na spika ya gitaa ni nusu ya mlio. Sauti za juu, kuanzia karibu kilohezi 5 kwenda mbele, huwa inazipunguza sana. Ukiiondoa, ukali wote wa kucha kugusa nyuzi unaingia mzima mzima. Zipo programu za kuiga spika na zinasaidia, lakini wewe amplifaya unayo na mlio wake unaupenda. Iwekee maiki.

Maiki ya dainamiki, hata ile ya kuimbia, inatosha. Iinue amplifaya kutoka sakafuni uiweke juu ya stuli imara, maana sakafu huongeza besi isiyo yake. Maiki ikae kama sentimita 5 kutoka kitambaa cha spika. Ikielekea katikati kabisa ya koni, ile karatasi ya spika inayotetemeka, utapata ukali, ikisogea ukingoni mlio unalainika. Anzia kati ya hapo na hapo, vaa hedifoni, halafu mwombe mtu aisogeze polepole huku ukirudia noti ileile. Kwa masikio yangu, sentimita 2 za kusogeza maiki zimefanya makubwa kuliko ikwalaiza zote nilizowahi kuhangaika nazo.

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, kilele cha sauti kisipite desibeli -12 kwenye kipimo cha programu. Usiogope kwamba sauti ni ndogo, utaipandisha baadaye. Ikishapasuka hairudi.

---

MvumoZero

Naongezea kuhusu mvumo. Kama pikapu yako ni ya koili moja, inafanya kazi kama antena. Inadaka uga wa sumaku wa transfoma, chaja, kompyuta, na hata transfoma iliyomo ndani ya amplifaya yako.

Wewe una bahati kwamba gitaa liko mapajani. Washa kila kitu, usipige chochote, kisha zungusha kiti chako taratibu mzunguko mzima. Kuna pembe moja au mbili ambapo mvumo unashuka ghafla. Weka alama sakafuni. Kaa mbali na amplifaya kadiri waya unavyoruhusu, na laptopu itumie betri wakati wa kurekodi.

Jambo jingine: unapochomeka gitaa kwenye saundi kadi hakikisha umebonyeza kitufe chenye alama ya gitaa. Ingizo la gitaa lina ukinzani wa karibu megaomu 1. Lile la laini ni kama kiloomu 10 tu, linamnyonya pikapu na kumfifisha.

---

MwalimuWaSlaidi

Mwanangu, wenzako wamekujibu vizuri upande wa mitambo. Mimi naomba nizungumzie mkono na wimbo, maana nina miaka mingi na chombo hiki na nahisi tatizo lako kubwa liko huko.

Achana na wimbo wa haraka. Wimbo wa haraka unaonyesha mpigaji, na hapa aliyeombwa kusikika ni gitaa. Gitaa la stili halina kingine linachowazidi wenzake isipokuwa kuimba: noti ndefu, inayohama kutoka mahali hadi mahali bila kukatika. Tafuta melodi ambayo mtu anaweza kuiimba kwa mdomo akiwa anafagia. Piga noti ya kwanza peke yake kwenye uzi mmoja, na usipige ya pili mpaka ya kwanza imekaribia kuisha. Najua utaona aibu na ukimya huo. Vumilia. Msikilizaji ndipo anapoanza kusikia mbao, nyuzi na chuma.

Ukishaimba mstari wa kwanza hivyo, rudia kwa nyuzi mbili pamoja. C6 inakupa tatu na sita (noti mbili zinazoachana hatua tatu au sita za skeli) tamu sana bila kuinamisha chuma. Kisha kodi nzima (noti kadhaa kwa pamoja), iteleze mara moja tu, kutoka chini kwenda juu, na ufike bila haraka. Malizia na harmoniki kwenye freti ya 12 (freti ni ile mistari ya shingoni), uzi ukiguswa kidogo na kuachwa. Usiongeze kitu hapo.

Sasa chuma chenyewe. Kwenye gitaa la kawaida kidole kinakaa nyuma ya freti. Hapa chuma kinakaa juu kabisa ya mstari, na jicho likitazama kwa upande linadanganya. Weka kichwa wima juu ya chuma, lakini mwamuzi awe sikio. Vidole vinavyobaki vya mkono wa kushoto vilale juu ya nyuzi nyuma ya chuma, vinginevyo kipande kile cha nyuma kinalia chenyewe na maiki itakisikia vizuri kuliko wewe. Vibrato iwe ndogo na ya polepole, ianze noti ikishatulia. Wengi wanatetemesha chuma mapema ili kuficha kwamba wamekosa mahali.

Mkono wa kulia nao una mlio wake. Karibu na briji ni mkali, ukisogea kuelekea katikati ya uzi unapata uduara. Chuma kinapopanda freti za juu, mkono wa kulia nao usogee.

Na nyuzi zako za E, kama unapiga peke yako, zishushe kidogo chini ya pale tyuna inapoonyesha. Tatu kubwa safi, kama ile ya C kwenda E, iko kama senti 14 chini ya ile ya kinanda (senti 100 ni nusu toni, yaani freti moja). Kodi itatulia mpaka utashangaa. Ukipiga na kinanda, usishushe kiasi hicho.

Chombo hiki tangu mwanzo kilikuwa cha kuimba. Joseph Kekuku, kijana wa kisiwa cha Oahu huko Hawaii, ndiye anayetajwa zaidi kuwa aliyeanzisha kutelezesha chuma juu ya nyuzi mwishoni mwa karne ya 19, na wapigaji wa Hawaii waliokwenda Marekani waliwashika watu kwa sauti hiyo. Hata gitaa la umeme la kwanza kuuzwa sokoni, la Rickenbacker mwaka 1932, lilikuwa la kulaza mapajani. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba unapeleka kitu cha pembeni.

---

SikioMoja

Shikamoo Mwalimu. Natofautiana nawe mahali pamoja. Anayesikiliza ni kiongozi wa bendi. Anataka kujua gitaa litakaa wapi katikati ya ngoma na magitaa mengine. Akisikia noti moja ndefu peke yake atasema ni nzuri, halafu hatajua aitumie vipi. King Sunny Adé wa Nigeria aliliweka gitaa la stili la pedali (lenye kanyagio za kubadili noti za nyuzi), akilipiga Demola Adepoju, katikati ya ngoma nyingi mno za juju, muziki wa Wayoruba, na bado lilisikika likielea juu yake. Ningeweka gitaa la ridhimu laini na besi chini yake.

---

MwalimuWaSlaidi

Marahaba mwanangu. Mfano wako ni mzuri na nimeupokea. Basi mstari wa kwanza apige peke yake, kwenye kurudia ndipo ridhimu iingie. Ila akumbuke kurudisha zile E juu kidogo, zisigombane na ridhimu.

---

FundiWaChumbani

Kwenye riverbu: rekodi kavu, weka baadaye, na kidogo. Riverbu ikiwa nyingi, mkia wa noti na mkia wa riverbu vinachanganyika na huyo kiongozi hatajua kipi ni cha gitaa. Ukiweza, rekodi njia mbili kwa pamoja, maiki na laini ya moja kwa moja. Ila maiki inachelewa. Sauti hutembea kama mita 343 kwa sekunde, hivyo kila sentimita 34 ni milisekunde 1 hivi. Kuza picha ya wimbi kwenye programu, sogeza njia ya maiki mpaka vilele vikutane. Usipofanya hivyo mlio utakuwa mtupu kama unatoka ndani ya bomba.

---

NyuziSita (mleta uzi)

Nimerudi wakuu. Nimekaa na mambo haya siku tatu.

Kiti kilipozunguka karibu robo, mvumo ulikatika nikadhani waya umechomoka. Alama iko sakafuni. Maiki tumeisogeza mimi na mdogo wangu, na mahali ilipokubali ni nje kidogo ya katikati ya koni. Njia ya moja kwa moja nimeiacha, ya maiki inatosha.

Wimbo wa haraka nimeuweka kando. Noti ya kwanza ilinichukua jioni nzima. Ni kweli nilikuwa natetemesha chuma mapema, na nilipoacha nikasikia kwamba nilikuwa naupita mstari kila mara. Nilikuwa natazama kwa upande. Nyuzi za E nazo nimezishusha, si senti zote 14 kwa sababu ridhimu inaingia baadaye, lakini kodi imetulia kweli.

Limebaki jambo moja. Chuma kinapogusa nyuzi kunasikika "tik" ndogo kabla ya noti. Kuna dawa?

---

MwalimuWaSlaidi

Usikiinue kati ya noti. Kiache juu ya nyuzi, zima noti kwa kiganja cha mkono wa kulia, telezesha kimya, kisha piga. Na ile "tik" moja ya mwanzo kabisa, weka chuma kwanza, hesabu mpaka nne, ndipo upige. Utaikata kwenye programu.

---

MvumoZero

Ukimtumia, tuma faili la WAV kama hati, usitume kama ujumbe wa sauti. Ujumbe wa sauti unabanwa na ule mkia wote unaopigania utaishia njiani.

---

NyuziSita (mleta uzi)

Nimetuma jana usiku, WAV, dakika moja na sekunde hamsini. Asubuhi amenijibu. Hakusema lolote kuhusu kodi wala harmoniki. Ameuliza kama naweza kuingia na ile noti ya kwanza, ndefu vilevile, kwenye wimbo wao ulio kwenye F. Kwa C6 hiyo ni freti ya 5. Mazoezi ni Jumamosi, na maiki naenda nayo.