Mrejesho: pikapu ya otomatiki kukosa nguvu mlimani

Ahsanteni wakubwa. Niliuliza kwa nini pikapu iliyofungwa tairi za inchi 31 badala ya 28 inachoka kwenye vilima vya Mkoani, Pemba, ikibeba karafuu. Konvata (inayopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa mafuta) haina tatizo, kasoro ni uwiano wa difu (gia za mwisho kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu). Krauni (gia kubwa ya difu) ina meno 39, pinioni (gia ndogo inayoizungusha) 10: yaani 3.9, ila kwa tairi hizo kubwa ni sawa na 3.5, gia nzito zaidi kwa injini. Hapo konvata inateleza muda mrefu bila kujifunga, hidroli (mafuta ya giaboksi) inachemka, inakuwa nyeusi na kunuka kuungua. Tumefunga difu za meno 43 kwa 10 (4.3), mbele na nyuma; ukibadilisha difu moja tu, ukiingiza foo-wili (magurudumu yote manne kuvuta) transfa, giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, inakabana. Hidroli mpya pia. Sasa inapanda vizuri, na spidomita imerudi kusoma sawa.